Dereva, Funga Mlango

Siku yangu ya kwanza kuendesha basi la shule, Msimamizi wa Mafunzo alikaa kiti cha nyuma yangu na kikombe chake cha kahawa. Alikuwa Mzungu mtu mzima, mama mwenye sauti ya kukwaruza, na alikuwa ameuzunguka mji wote wa Crystal, huku ughaibuni, na basi kabla mimi sijajua theluji ni nini. Kwenye kituo kimoja tulimkuta mama na kitoto chake cha chekechea. Nikafungua mlango, taa nyekundu zikawaka, kile kibao cha kusimamisha magari kikachomoza ubavuni. Mtoto akapanda. Mama naye akaweka mguu kwenye ngazi: kofia yako hii, maziwa yako haya, mwalimu umwambie hivi na vile. Mtoto akaanza kulia. Mimi nikasubiri, maana kwetu mtu anapoaga humkatishi.

“Funga mlango,” msimamizi akasema. “Atalia mpaka ufunge.”

Nikamwomba yule mama ashuke, nikafunga. Kabla hatujafika kona, mtoto alikuwa anamwonyesha mwenzake kiatu kipya. Toka siku ile nikaishika sheria hiyo kuliko za barabarani.

Asiyeijua kazi hii anadhani ni kushika usukani tu. Asubuhi unalizunguka basi kwenye baridi: matairi, taa, breki, mlango wa dharura. Kazi ya mwisho wa safari ndiyo kubwa zaidi. Unatembea hadi kiti cha nyuma kabisa, unatazama kila kiti na chini yake, asije akabaki mtoto amelala. Huko nyuma kuna kitufe. Usipokibonyeza, honi inapiga mpaka gereji nzima ijue wewe ni mzembe. Mimi haikuwahi kunipigia.

Baadaye nikahamia gereji ya mabasi ya mji wa Oakdale, na nyumba tukahamishia huko. Tulikuwa wawili tu, mimi na binti yangu Neema, baba yake alishafariki. Mkuu wa Gereji, mwanamume aliyependa utaratibu kuliko chakula, aliniruhusu Neema apande basi langu kwa sharti moja. “Ndani ya basi huna mtoto,” alisema. “Una abiria.” Basi Neema akawa ananiita Dereva. Mtoto ambaye ukimsemesha Kiswahili anakujibu Kiingereza, neno hilo moja alilitamka kwa Kiswahili, tena kwa kunikebehi, kila anapopanda.

Ulipofika wakati wa chuo, nilitaka asome hapa hapa mjini, alale nyumbani, ale ugali wangu. Yeye akachagua chuo cha Duluth, mwendo wa zaidi ya saa mbili kwa gari. Nikamuuliza, kwani vyuo vya hapa vina ubaya gani? Akanijibu, kwa Kiingereza chake, kwamba havina ubaya, ila viko karibu mno. Jibu hilo lilinikaa kifuani majira yote ya joto. Niliumia, nikakasirika, nikaogopa ile nyumba itakavyokuwa bila yeye. Sikumwambia hata moja. Nilimnunulia blanketi.

Siku ya kumpeleka tulipandisha vitu vyake bwenini, tukarudi kwenye gari. Nikakaa kwenye usukani, mlango wazi, yeye amesimama nje. Nikaanza: unga uko kwenye ndoo, usitoke bila kofia, ukiumwa usikae kimya, nipigie. Nikamaliza, nikaanza tena kwenye unga. Nyuma yetu wazazi wengine walikuwa wanangoja nafasi ya kuegesha. Neema akashika mlango kwa juu.

“Dereva,” akasema, “funga mlango.”

Kiswahili kilichonyooka, na macho yake yamejaa maji. Nikajikaza kisabuni, nikafunga, nikaondoa gari.

Nilipofika Oakdale nikazima injini, na mazoea yakafanya kazi yake. Nikashuka, nikafungua mlango wa nyuma, nikatazama viti na chini ya viti. Hapakuwa na mtu. Kazini hiyo ni habari njema, maana kila mtoto amefika anakokwenda. Mimi niliinama pale pale nikalia, mpaka jirani akatoka kuniuliza kama nimepoteza kitu. Nikamwambia hapana.

Nimestaafu sasa. Neema huja likizo, anakula, analala, anaondoka. Madereva vijana huniuliza wafanyeje na wazazi wanaogandia mlangoni. Nawaambia wafunge, yule msimamizi hakukosea. Ila miaka yangu ya mwisho niliongeza jambo ambalo hakunifundisha. Zamani nikishafunga nilikuwa natazama kioo cha juu, kile kinachoonyesha watoto. Baada ya Duluth nikawa natazama kwanza kioo cha pembeni, kinachoonyesha kituo, nampungia mkono mzazi aliyebaki pale. Mtoto yeye tayari ana shughuli zake.