Nungunungu na Mkwewe

Mama mmoja, fundi wa mapazia, aliteleza kwenye ngazi ya duka lake, akavunjika mguu, akawekwa nyumbani kama kabati. Mikono iliyozoea cherehani ikamwasha. Binti yake, kwa kuogopa kusimangwa kutwa nzima, akampakulia mchezo wa vita kwenye simu: watu wanakutana mtandaoni, wanachapana mmoja kwa mmoja au kwa timu.

Kila mchezaji hupewa pointi za kumjenga mpiganaji wake. Wenzake waligawa kwa busara: nguvu kidogo, kasi kidogo, ngao kidogo. Mama hakuwa na subira ya kugawagawa. Zote alizimimina kwenye miiba. Upanga hana, mbio hana. Anasimama tu kama gogo, na kila pigo linamrudia mpigaji maradufu. Akajiita Nungunungu.

Walimcheka. Kisha wakaanza kufa. Wenye hasira ndio waliotangulia, na mama akagundua kuwa dunia imejaa wenye hasira.

Jumapili moja alasiri mkwewe alikuja kumjulia hali. Kijana huyu heshima yake ilipitiliza: shikamoo aliitoa akiangalia zulia, na tangu aoe hajawahi kumaliza biskuti mbele ya mama mkwe. Akabaki sebuleni na simu yake, mama chumbani na yake. Mara mpinzani aitwaye Radi akamvamia Nungunungu, akashusha mapigo ya nguvu zote, akaanguka mwenyewe. Papo hapo sauti ikapenya ukutani: "We Nungunungu, laana ikushukie wewe na ukoo wako!"

Mama akaziba mdomo kwa mto. Ukoo wake! Na watoto wa huyo anayelaani wamo humo humo.

"Mwanangu, kuna nini huko?"

"Hakuna kitu, mama. Kazi tu, za ofisini."

"Pole. Kaza moyo, baba."

Akamwalika Radi tena. Akamuua tena.

Lakini mkwe si mjinga. Jumapili iliyofuata alikaa tena sebuleni, na Radi akarudi bila upanga, pointi zote kazihamishia kwenye sumu. Sumu haipigi, inanyunyizwa tu, kwa hiyo miiba haina cha kurudisha. Nungunungu alisimama na kiburi chake, akanyauka taratibu hadi akalala chini. Mama akasahau alipo.

"Sumu! Mwoga mkubwa we, Radi, njoo upigane!"

Kisha mlango ukagongwa, kwa adabu sana.

"Mama..." Kijana aliangalia simu ya mkwewe, akaangalia zulia, akakosa pa kuangalia. "Ile laana..."

"Imeshawashukia wanao. Kaa hapa, uniambie sumu umeijengaje."

Siku hizi mguu umepona, na wateja wa mapazia huambiwa wasubiri kidogo, maana hao wawili wanapigana kama timu. Mama mbele na miiba, mkwe nyuma na sumu. Adui akipiga anakufa, asipopiga anakufa. Kilichowaponza mwanzoni ni adabu.

"Mama, kama hutojali, naomba urudi nyuma kido..." Na tayari wameshauawa.

"Vitani hakuna mkwe!" mama alimkaripia. "Sema 'rudi!'"

Pambano lililofuata walizingirwa. Kijana akavuta pumzi, akafumba macho, akafoka: "Rudi!"

Mama akarudi, wakashinda. Ila mchezo ulisimama kwa muda, kijana akiomba radhi.