Uji wa Njeri Ukumbini

Juni tulimzika mdogo wangu Njeri. Julai, siku ya kumkumbuka katika ukumbi mmoja wa Westlands, nilizika heshima yangu, na sina wa kumlaumu (thamosi ya uji niliibeba mwenyewe kutoka nyumbani Woodley).

Njeri alisomea mambo ya anga chuoni. Mimi niliishia darasa la nane, kwa hiyo nilipoambiwa niseme kwa niaba ya familia nilitaka jambo moja tu, nieleze kazi yake sawasawa, asionekane mtu ambaye kwao hakuna aliyemsikiliza. Nilikumbuka alivyoniambia jikoni: galaksi hukaa kwa makundi, kati yao kumejaa gesi ya moto sana, na yeye anachunguza inavyopoa. Nikaona nibebe uji wa wimbi, aliokuwa akiupenda, ili watu waelewe kwa macho.

Basi nikasimama, nikaumimina kikombeni, nikasema gesi ya Njeri ni kama uji, hupoa pembeni kwanza na katikati hubaki moto.

Mwalimu wake, Bwana Shah, akainua mkono. "Samahani dada, gesi hiyo ni kinyume. Katikati ndiko imesongamana, ndiko hupoa haraka."

Hapo ningeketi. Lakini nikamwambia, "Mwalimu, huyu Njeri nimemlisha mimi," na ili kumthibitishia kwamba katikati ni moto nikapiga funda kubwa la katikati (mtoto yeyote wa kwetu anajua uji huanziwa pembeni), likanichoma, likanitoka lote, nusu juu ya picha ya Njeri iliyokuwa mezani mbele yangu, nusu kwenye shati jeupe la pasta aliyeketi kando.

Halafu mama, kutoka viti vya mbele: "Si nilikwambia uache hiyo uji nyumbani?"

Watu wakacheka, hata pasta, nami nikawa naifuta picha kwa kitambaa changu cha kichwa. Bwana Shah akaja kunishikia fremu. Akawaambia kwamba joto la gesi ile ndilo Njeri alilotumia kupima uzito wa kundi zima, maana sehemu kubwa ya uzito huo haionekani.

"Haionekani, na mnajuaje iko?" mama akauliza.

"Gesi ya moto hivyo ingekuwa imetawanyika zamani, mama. Kuna kitu kinaishika."

Nimeapa sitasimama tena mbele ya watu na kitu cha kunywa. Mama alinyoosha mkono, nikampa kikombe, akanywa uji uliobaki, akianzia pembeni.