Bibi Nzi na Majina Arobaini

Kwa miaka ishirini na moja kazi yake ilikuwa kufunga nzi. Si nzi wa jalalani, bali nzi bandia wa manyoya na uzi, ambao wavuvi wa mbali huwatia kwenye mishipi yao na kuwarusha mtoni kumhadaa samaki. Yeye mwenyewe hakuwahi kushika fimbo ya kuvulia. Alichokijua ni jiliwa dogo lililobana ndoana mbele ya pua yake, na vidole vyake kumi. Wenzake kiwandani walimwita Bibi Nzi, na jina likamganda.

Macho yalipoanza kumchenga, alinyamaza. Lakini nzi wake wakaanza kurudishwa: huyu kichwa kimevimba gundi, yule bawa limelala upande kama kofia ya mlevi. Daktari alishamwambia wazi kwamba mishipa ya macho inakufa, na miwani haitasaidia kitu. Msimamizi, ambaye hakuwa mtu mbaya, alimtoa kwenye jiliwa akamweka chumba cha nyuma awafundishe wanaoanza majina ya kazi.

Huko akachangamka.

"Huyu ni mkavu," aliwaambia wasichana saba waliobanana kwenye benchi. "Kazi yake kuelea. Ukimfunga mzito akazama, huyo si mkavu tena, ni maiti. Huyu mwembamba ni mzamaji. Na huyu mnene asiye na mabawa ni buu, hajaiva bado, kama nyinyi."

Wasichana wakaangua kicheko.

"Na ndoana isiyo na kijino cha kumzuia samaki asichomoke?" akawauliza.

"Kipara!"

Mmoja wao alikuwa binti wa kaka yake, aliyeishi naye chumba kimoja tangu kaka huyo afariki. Ni yeye tu aliyejua kwamba shangazi yake sasa aliona mwanga na giza tu, na alikuwa akimimina chai huku amechovya kidole kikombeni, ajue imefika wapi.

Kisha likaja tangazo: mnunuzi mkubwa angefika kuwapima walimu kwa orodha ya majina arobaini. Kila jioni binti alimsomea orodha ile huku wakikunja nguo, na shangazi akaimeza yote kichwani, neno kwa neno.

Siku yenyewe mnunuzi alimwekea nzi kiganjani mmoja mmoja. Bibi Nzi aliwapapasa, akawataja bila kusita: mkia huu, kola hii ya manyoya shingoni, huyu mkavu, huyu buu. Alifika wa thelathini na nane hajakosea hata mmoja. Msimamizi akaanza kutabasamu.

"Hawa wawili wa mwisho wamefanana umbo," mnunuzi akasema. "Yupi wa kijani, yupi wa kahawia?"

Aliwageuza. Manyoya yaleyale, uzi uleule. Kwenye benchi binti akakohoa mara moja, kwa nguvu. Shangazi alisikia kikohozi, ila hakujua kinamwambia kulia au kushoto.

"Huyu ndiye wa kijani," akasema, akiinua mkono wa kulia.

Alikuwa wa kahawia. Mnunuzi akapunga mkono mbele ya uso wa Bibi Nzi, taratibu. Macho hayakupepesa.

Baada ya chakula cha mchana msimamizi alimletea mkoba wake. "Mama, umefanya kazi ya kutosha. Kapumzike."

"Nipumzike nikifanya nini?"

Msimamizi akamtundikia mkoba begani. Kisha akanong'ona, "Jiliwa lako nitampa binti yako."

Jumatatu binti aligoma kuvaa aproni. "Shangazi, siendi. Siwezi kukaa kwenye kiti chako."

"Utakwenda. Tutakula nini, majina?"

Akaenda. Wiki za mwanzo alirudi na habari tele, na shangazi akamsahihisha hili na lile. Halafu habari zikapungua. Jumapili moja shangazi alimuuliza kama wapya wanaweza kumtofautisha mzamaji na buu.

"Siku hizi hatutumii majina, shangazi. Kila nzi ana namba yake."

"Namba?"

"Ndiyo. Ni rahisi zaidi."

Bibi Nzi alikaa kitandani, mikono mapajani.

"Niwashie taa, mwanangu," akasema. "Giza limeshaingia."

Binti akatazama dirisha lililojaa jua. Ilikuwa saa tisa mchana. Akanyanyuka, akaiwasha.