Kofi la Mwenyekiti Hasani

Hasani wa Kitomanga alikuwa mtu wa maneno, na mwenyekiti wa kijiji asiye na maneno huwa hafiki mbali. Lakini asubuhi aliyofariki Mzee Tawakali, maneno yalimpotea. Watu walikuwa wamempa kazi ya kuandika wasifu wa marehemu na kuusoma uani kabla jeneza halijanyanyuliwa. Nani mwingine angeusoma? Yeye ndiye aliyemfuata mzee tangu enzi za kudai uhuru.

Habari za miaka ya hamsini ziliandikika bila shida. Tawakali hakuwa mkubwa wa kutajwa magazetini. Alikuwa mkulima wa korosho aliyekwenda kwa miguu mpaka Mtama, kadi za TANU kazifukia chini ya mihogo kwenye kikapu. Wengi walimkimbia. Vita vya Majimaji viliwaachia wazee wao njaa na makaburi, na hawakutaka kusikia tena habari ya kupambana na serikali. Tawakali aliwaambia kwamba safari hii hakuna atakayeshika hata fimbo. Askari wakija, watu watakaa chini, mikono magotini, basi.

Askari wakaja kweli siku ya mkutano, na viboko vyao. Watu wakakaa. Hasani, damu ikimchemka, alitaka kunyanyuka. Mzee akamshika goti.

"Mkono wako ukiinuka, Hasani, wamekushinda."

Haukuinuka. Uhuru ulipokuja, Hasani alivua shati mbele ya kila mgeni amwonyeshe makovu ya mgongoni. Na kwa makovu hayo hayo, tusifichane, ndiyo akapewa uenyekiti.

Sasa kalamu ikafika mwaka wa sabini na nne, ikagoma. Mwaka ule amri ilikuwa watu wote wahamie kijiji cha ujamaa, kando ya barabara. Mzee Tawakali hakukataa ujamaa. Aliomba tu aachwe shambani mpaka amalize kuokota korosho zake. Hasani akaenda na mgambo na lori la kuhamishia watu, na bwana mmoja wa wilayani akabaki ndani ya gari akitazama. Mgambo wakaezua paa. Mzee akaketi mlangoni, mikono magotini. Yule bwana akauliza kwa kicheko kama kijiji hiki kinaongozwa na mwenyekiti au na kikongwe. Hasani akaona haya mbele ya mgeni, na haya hiyo ya kipuuzi ikamtia wazimu. Akampiga mzee kofi. Kofia ikaanguka. Mzee akaiokota, akaikung'uta vumbi, akapanda lori mwenyewe.

Miaka mitatu walikaa kijiji kimoja, nyumba saba kati yao. Kwenda msikitini Hasani alipitia nyuma ya nyumba za watu kama mwizi wa kuku. Wakikutana uso kwa uso alitupa shikamoo huku akitembea. Mzee aliitikia marahaba, kisha akasimama njiani kidogo, kama mtu anayengoja neno la pili. Hasani alilijua neno hilo. Kila Ijumaa aliapa kulisema, na kila Ijumaa alipata udhuru.

Mficha uchi hazai, lakini Hasani aliona heri afiche. Akaandika: "Mwaka 1974 marehemu alihamia kijijini kwa hiari yake." Akausoma uani kwa sauti kavu, watu wakatazama chini, naye akafikiri imepita.

Alimsahau Bi Maftaha, mtani wa marehemu. Huku kwetu mtani hakatazwi kitu msibani. Alitoka ndani kavaa kanzu na kofia ya mzee, akaanza kumwigiza: kikohozi chake, mwendo wake, ubahili wake wa tumbaku. Wafiwa wakacheka huku wanalia. Kisha akaketi mlangoni, akaweka mikono magotini, na kicheko kikakatika.

Hasani akajua. Haraka haraka akatoa noti, maana mtani akipewa chochote hunyamaza. Bi Maftaha hakuitazama hata hiyo noti. Aliendelea kukaa, macho mbele, halafu akajiangusha kofia kwa mkono wake mwenyewe, akaiokota, akaikung'uta vumbi, akaivaa tena.

Uani palikuwa na watoto ambao hawakuijua habari ile. Waliwauliza mama zao, na mama zao wakamtazama Hasani. Aibu aliyoikimbia miaka mitatu kwa kupita nyuma ya nyumba ilikuwa imekaa mlangoni, na watu wote wanaiona. Akapiga magoti mbele ya kanzu ile, akasema kwa sauti ndogo, lakini kila mtu akaisikia:

"Mzee wangu, nilikukosea. Nipe radhi yako."

Watu wakamngoja Bi Maftaha. Mtani hakosi jawabu. Angeweza kumtania, angeweza kumtukana, au amsamehe kwa mzaha mambo yaishe. Badala yake akavua kofia, akaiweka mapajani.

"Hilo siwezi kuliigiza, mwanangu," alisema kwa sauti yake mwenyewe. "Sikuwahi kumwona akiombwa radhi."