Mgeni Aliyekuja Kumuulizia Leokadia

Nakumbuka siku niliyomwambia mtu wa serikali, tena kwa sauti ya kusikika shamba zima, kwamba mdogo wangu Leokadia ni mvivu, ana kiburi, na ugali wake hauliki. Ulikuwa uongo mtupu, mwanangu. Leokadia alikuwa anaamka kabla ya jogoo wetu, kiburi hakijui, na ugali wake nilikuwa nimeula jana yake nikakwangua na sufuria.

Nakusimulia wewe unayemaliza chuo sasa hivi, kwa sababu kuna siku mtu usiyemjua atafika kwenu kuuliza habari zako. Na wa kwenu wanaweza kuwa watu kama mimi.

Kwanza unijue. Mimi ni mtu wa nyumbani. Nilisoma mpaka kidato cha nne, nikarudi hapa Malangali, kando ya mji wa Sumbawanga, nikashika jembe la marehemu baba, na sijalitua. Mbeya nimewahi kwenda, ndiyo, lakini kila nilipokwenda nilirudi kabla shughuli iliyonipeleka haijaisha. Nikisikia lori linawashwa injini, natafuta jembe langu lilipo. Leokadia alikuwa kinyume changu. Alipanda lori la kwenda Tunduma kama anayekwenda kisimani, akafika chuo kikuu huko Dar es Salaam, akasoma, akapata shahada. Mtaa mzima ulikuwa na shahada hiyo moja tu, na sisi tukaitembelea kama mgonjwa.

Aliporudi, nilidhani safari zimekwisha. Mama alikuwa mzee, macho yake yameanza kufifia, nami nilishaanza kupanga moyoni: Leokadia atapata kazi ofisi ya mkoa hapa Sumbawanga, jioni tutakaa watatu jikoni, maisha yatakuwa matamu. Kumbe mwenzangu ana mpango mwingine.

"Kaka," akaniambia tukiwa tunapukuchua mahindi, "chuo kinatafuta vijana waliomaliza karibuni. Tutakaa mwaka mzima ndani ya ofisi zake, tukihamishwa hii na ile, tujifunze kinavyoendeshwa. Nimeomba."

"Kinavyoendeshwa? Kwani ni trekta?"

"Wanafunzi wanavyopokelewa. Wanavyopangiwa mabweni. Mitihani inavyotunzwa. Anayefaa, mwisho wa mwaka anapewa kazi palepale."

Nikacheka. Nikamwuliza kama amesoma miaka yote ile ili aende kujifunza kufungua milango ya chuo. Yeye hakucheka.

"Nilipofika kule mara ya kwanza," akasema, "nililala koridoni na sanduku langu. Chumba changu walikuwa wamempa mtu mwingine. Kila ofisi niliyoingia walinionyesha ofisi ya pili. Wageni wa kutoka nje wanaoziongoza ofisi zile wanakaribia kwenda kwao. Asipokuwepo mtu wa kwetu anayeijua kazi, binti wa kijijini Wampembe akifika kesho atalala palepale nilipolala mimi."

Maneno yale yangetosha kumwelewesha mtu mwenye akili. Mimi nikaanza kushuku. Usinicheke, wewe hukuwepo. Miaka ile ya Ujamaa tulikuwa tumeona watu wakiambiwa waje kwenye mkutano mfupi, na mkutano ukaisha kwa kuhamishiwa kijiji kipya na kuku zao kichwani. Kwa hiyo nilijiuliza: nani huyu anayemlisha na kumlaza mtu mwaka mzima ili ajifunze tu? Kwa nini wanataka waliomaliza karibuni, ambao hawajashika kazi popote? Kilabuni nikapata wasaidizi. Mmoja alisema vijana wale watapelekwa nchi za mbali wasirudi. Mwingine akanong'ona habari za mumiani, wale wanyonya damu, eti siku hizi wanavaa suti. Nikarudi nyumbani nimeshiba pombe na hofu.

Basi Leokadia akaenda Wampembe, ziwani, kwenye msiba wa shangazi. Na hapo hapo ndipo mgeni alipofika.

Masika yalikuwa yanaelekea kwisha, wakati wetu wa ntumba, vile vilima vya udongo tunamofukia nyasi zioze tuje tupande maharage. Kazi ile haifanywi na mtu mmoja. Unapika pombe ya ulezi, unaita majirani, mnalima mkiimba na kutaniana mpaka chungu kinakauka. Alikuwepo hata Mama Salumu, mke wa mwenye duka la barabarani, maana miaka ile kila mtu alitakiwa awe na shamba, hata mwenye duka, na shamba lake lilipakana na letu. Alilima kwa kanga mbili na malalamiko mengi.

Akatokea bwana mmoja, viatu vyeusi vinang'aa kwenye matope, mkoba kwapani. Sisi tukachuchumaa, tukampigia makofi ya salamu, heshima yetu Wafipa. Yeye akasimama wima, akanyoosha mkono apewe. Hapo hapo nikamtilia alama.

"Naitwa Ambokile, natoka ofisi ya mkoa," akasema. Lafudhi ya Mbeya. "Namtafuta ndugu Kasiani."

"Ndiye mimi. Kuna nini?"

"Nimekuja kuulizia habari za binti anayeitwa Leokadia. Tabia yake. Anavyoishi na watu."

Majembe yote yakasimama. Sasa elewa jambo moja kuhusu sisi, mwanangu. Kwetu mtoto hasifiwi mbele ya mgeni. Mgeni akisema mtoto wako mzuri, unamjibu kwamba ana vidonda. Akisema ng'ombe wako wamenona, unamwambia wanaumwa. Ndivyo tulivyolelewa, kwa sababu hujui anayeuliza ana jicho gani wala anakwenda kusema wapi. Bibi yangu alikuwa akituita panya mbele ya wageni, na hakuna aliyependa wajukuu kama yeye. Kwa hiyo nilifanya nilichofundishwa. Tatizo ni kwamba sikujua pa kuishia.

"Leokadia? Huyo hafai," nikasema. "Mvivu. Akishika jembe, jembe linalia."

"Anapatana na watu?"

"Anapatana na mbuzi tu. Mbuzi wenyewe wanavumilia."

Watu wakaangua kicheko. Nikapata nguvu.

"Akipewa madaraka juu ya watu wa makabila mengine, ataweza?"

"Sisi tuliolala tumbo moja hatumwezi, seuze hao! Ana kiburi cha kusoma. Na ugali wake, ndugu yangu, usiombe."

Nikamkaribisha pombe. Akakataa, akashukuru, akafunga mkoba, akaondoka akichagua pa kukanyaga. Wenzangu wakanipigia makofi. Nilijiona shujaa: nimemfukuza mumiani kwa ulimi tu. Mama Salumu peke yake hakucheka. Alinitazama, akatikisa kichwa, akarudi kwenye malalamiko yake.

Leokadia aliporudi nikamsimulia kwa madaha, na maneno ya mbuzi nikayarudia mara ya pili ili afaidi. Alikuwa bado hajatua kikapu cha dagaa.

"Alisema jina lake nani?"

"Ambokile. Viatu hivyo, kama kioo!"

"Na ulimjibu hivyo? Ndivyo hasa ulivyomjibu?"

"Neno kwa neno."

Akakaa chini. Hakulia, hakunitukana, na ningeshukuru kama angenitukana. "Chuo kiliomba mkoa umtume mtu," akasema. "Kila aliyeomba anaulizwa kwao. Walitaka jina la mtu anayenijua kuliko wote. Nikakutaja wewe."

Mama alikuwa jikoni, akasikia yote. Macho yalikuwa yanafifia, masikio hapana. Akaniita.

"Kasiani, ulimwogopa yule mgeni?"

"Ndiyo, mama. Hatukumjua."

"Uongo. Kumwogopa mgeni kunaishia kwenye kunyamaza. Wewe ulisema mpaka ukatoka povu. Wewe unaogopa kubaki na mimi peke yako humu ndani. Sasa kaa ukijua: mimi sikuzaa mtoto ili awe kuni za kuotea moto wewe."

Mwanangu, nimekemewa na mapadri, walimu na makatibu kata. Hakuna aliyenipata pale aliponipata mama. Maana ilikuwa kweli. Habari za mumiani nilizipenda kwa sababu zilinisaidia nisiseme kwamba sitaki aondoke.

Asubuhi nikavaa shati la kanisani, nikaenda mjini mpaka ofisini kwa Bwana Ambokile. Nikamwamkia, nikamwaga sifa. Leokadia ni mchapakazi, mpole, mcha Mungu, kila kabila linampenda, ugali wake unaliwa bila mboga. Akanisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi.

"Ndugu Kasiani," akasema, "juzi alikuwa hafai, leo malaika. Nikuamini wa siku gani?"

Nikamweleza desturi yetu. Akacheka kidogo. "Kwetu sisi mtoto anasifiwa mpaka anakimbia nyumba. Lakini sasa nashindwa. Ukimsema vibaya unamkinga, ukimsema vizuri unambeba. Wewe umejiharibia kote. Nami kesho kutwa napeleka majibu."

"Basi anakosa?"

"Niletee mtu mwingine. Asiwe ndugu yake. Asiwe rafiki yake. Ikiwezekana awe hampendi kabisa."

Nilirudi kwa miguu mpaka Malangali nikiwapitia majirani wote kichwani. Wote walikuwa ndugu zetu, au wanafunzi wenzake, au wamekula ugali wake. Asiyempenda alikuwa mmoja tu: Mama Salumu. Hawakuwa wakisemezana tangu sukari ilipoadimika, waligombana pale dukani kwake, na mimi sikuwepo, nilikuwa nyumbani kama kawaida yangu. Nilimshuku sana mama yule. Nilijua nikimpeleka kwa mgeni anaweza kumzika mdogo wangu mzima mzima. Nilisimama mlangoni pa duka lake muda mrefu, nikanunua kiberiti ambacho sikukihitaji, ndipo nikasema shida yangu.

"Nikwambie nitasema nini?" akaniuliza.

"Hapana, Mama Salumu. Ukinambia nitaingiza maneno yangu."

"Afadhali umelijua hilo." Akachukua kanga yake, akatoka.

Sasa ngoja, mwanangu. Nikianza na maneno yake hutanisikiliza tena mimi, kwa hiyo nasaha yangu iingie hapa. Sikwambii uache kushuku. Mimi mpaka leo nashuku. Ukiniletea habari ya mafunzo ya bure nitakuuliza nani anakulisha, anataka nini kwako baadaye, na unamrithi nani kwenye kiti hicho. Uliza hivyohivyo na wewe. Lakini muulize mwenye jambo, ana kwa ana, usimuulize kilabu. Na kabla hujamshuku mgeni, jishuku wewe: hofu hii ni ya kwake au ni ya kwangu? Ukiombwa kumtaja anayekujua, usikimbilie anayekupenda. Anayekupenda ana mambo yake juu yako. Mtaje aliyewahi kukosana nawe, ukaona bado anakusalimia au hata hakusalimii, ila hajakuzulia. Na ukiwa wewe ndiye ndugu unayebaki nyumbani, useme wazi kwamba utamkosa. Ni neno dogo, halimzuii mtu safari. Leokadia alikwenda, akakaa mwaka ule, akapewa kazi ya kupanga mabweni, na mimi na mama tukaota moto wetu wawili. Nilizoea.

Mungu akupe kazi inayokuchosha bila kukuaibisha. Akupe wakubwa wanaouliza kabla ya kuamua, na wadogo watakaokuzidi, nawe uwafurahie. Na popote utakapotumwa, upate nafasi ya kuja kwenu maharage yakiwa mabichi.

Haya, Mama Salumu. Aliingia ofisini, nami nikiwa nimesimama dirishani nasali rozari, akakataa kiti, akamwambia Bwana Ambokile: "Mimi yule msichana simpendi. Sukari ilipokuja kidogo, alisimama mlangoni pa duka langu mwenyewe akanipangia foleni, wazee mbele, wenye watoto mgongoni wakafuata, hata shemeji yangu mwenyewe alirudishwa nyuma kabisa. Nililia kwa hasira. Lakini mtaa mzima ulikunywa chai, na msichana mwenyewe alipofikiwa sukari ilikuwa imebaki ya kijiko. Mchukueni upesi mwende naye huko chuoni, na sisi wenye maduka tupumue!"