Kiuno cha Daktari Kagoya

Ukifika Walukuba, mjini Jinja, ukauliza nyumbani kwa kina Daktari Rashidah Kagoya, mtaalamu wa mambo ya kale ya Wagiriki, watakukodolea macho. Uliza Rashidah wa kiuno, bodaboda atakufikisha mlangoni. Tangu ana miaka tisa alicheza harusini katika kikundi cha shangazi yake, Madina, na toka Jinja hadi Bugembe mabibi harusi walinuna kwa wivu.

Halafu akasoma. Akachimba Ugiriki, akasugua vigae kwa mswaki, akarudi kufundisha chuoni Mbale. Kila alipoandika wasifu wake, aliiruka miaka ya ngoma. Aliogopa wasomi wenzake wangemcheka.

Mwaka huu ikatangazwa kazi aliyoiota siku zote: kuongoza uchunguzi wa vyungu vya kaburi moja la Ugiriki. Siku ya usaili wa mtandaoni alitoka kwake Nabuyonga, Mbale, akaja Walukuba kwa shangazi, maana hakutaka kuwa peke yake.

Maprofesa watatu wa Kigiriki wakamwonyesha kwenye kompyuta picha ya chungu kilichoungwa upya, chenye mwanamke anayecheza. Rashidah akaona mara moja: kigae cha mguu kimegeuzwa. Mwenye nyonga pale na kisigino pale angeshaanguka! Akawaambia kimebandikwa vibaya. Mzee mmoja, aliyekibandika mwenyewe, akakunja uso akataka ushahidi.

Rashidah akamgeukia shangazi aliyekaa kando. Kazi ilikuwa inamponyoka, na ushahidi anao mwilini. Akamnong'oneza shangazi yaliyomkuta.

“Sasa wewe naficha nini?” Madina akamwuliza. “Hiyo kiuno wewe liiba?”

Akamfunga leso, akavuta dumu la maji, akaanza kulipiga. Rashidah akasukuma kiti, akacheza kwa raha aliyoisahau, kisha akaganda katikati ya hatua, kisigino juu, mkono hewani. Alikuwa yule mwanamke wa chunguni, ila mguu wake ulikaa unapopaswa kukaa. Mzee naye akasimama ajaribu mkao wa ule mguu alioubandika kwa gundi. Akapepesuka, akadaka pazia, akatoweka kwenye skrini. Kishindo kilisikika hadi Walukuba.

Alipoinuka alikuwa akicheka hadi machozi.

“Njoo ukibandue mwenyewe,” akasema.

Mcheza kwao hutunzwa, hata kama watunzaji ni Wagiriki. Jioni ile Rashidah aliandika wasifu wake upya, na mstari wa kwanza ukasema: mchezaji, kikundi cha Madina, Walukuba.