Sisimizi Kwenye Kibao cha Klabu

Naanza kwa kukiri, ili asije mtu akanisimulia vibaya: aliyepaka kibao cha klabu yetu ya elektroniki mafuta ya nazi ni mimi. Hamisi hakuhusika, wala hakuna jini wa maabara. Ni mimi, Salma wa Kidato cha Tatu, yule ambaye akiulizwa swali darasani hujibu kwa sauti ya kujisemea mwenyewe.

Kibao chenyewe hakizidi kiganja. Kazi yake ni kupokea programu kutoka kwenye kompyuta na kuipandisha kwenye chipu, na chipu ndiyo inayokijulisha king'ora chetu yapi maji baridi na yapi maji ya chumvi. (Kwetu Mbuchi maji ya chumvi yakiingia majarubani mpunga unakauka umesimama; mwaka juzi bibi yangu alivuna majani.) Sasa kibao kilikuwa na tabia, leo kinakubali, kesho kinakataa, na hakuna aliyejua kwa nini. Tulibadilisha waya, tukabadilisha kompyuta, Hamisi mwenyekiti wetu akafika mahali pa kutukataza kupumua karibu nacho, na mimi nikawa naandika kwenye daftari hili: saa mbili asubuhi kimekataa, saa nane mchana kimekubali, nimekigandamiza kwa kidole gumba kimekubali. Kurasa nne, na sikuelewa hata moja.

Likizo nikapewa nikitunze nyumbani. Bibi ana sheria yake, chuma chochote huku delta kipakwe mafuta ya nazi kisiliwe na chumvi: kufuli, cherehani, mnyororo wa baiskeli, hata redio yake inang'aa. Nikaona kwenye kibao kama dalili ya kutu, nikasema moyoni labda ndiyo ugonjwa wenyewe. Basi nikachovya unyoya wa kuku kwenye chupa ya mafuta (bibi huyapika mwenyewe, chini yana mashapo matamu, na hapo ndipo mkasa ulipolala), nikapaka kote kwa upendo, nikakifungia kwenye kopo la biskuti. Tuliporudi shule kikakubali mara tatu mfululizo. Nikajiona daktari, sikumwambia mtu.

Ikaja siku ya maonyesho. Mkuu wa shule alishasema: king'ora kikilia mbele ya wageni, klabu inaendelea, kisipolia, chumba chetu kinarudi kuwa stoo ya madawati. Bibi alitoka Mbuchi na chupa ya maji ya mtoni, aliyoyachota wakati bahari imejaa na chumvi imepanda mtoni, kaipakata kama mtoto. Hamisi alipangiwa kuongea, mimi kupandisha programu, kazi ya kukaa kimya, kazi yangu hasa.

Nikachomeka, kikakataa. Nikachomeka tena, wakatoka sisimizi. Kwanza mmoja, akatembea juu ya kompyuta kama mkaguzi, halafu familia, halafu ukoo mzima, na mgeni rasmi aliyekuwa kainama kutazama akaanza kujipiga kwenye mkono wa shati. Uwanja ukacheka. Kidato cha Nne mmoja akasema, "Oya, programu yenu ina miguu." Mkuu wa shule hakucheka, alikuwa akiutazama mlango wa chumba chetu.

Hamisi akaninong'oneza, "Umekipaka nini?"

"Mafuta ya nazi."

Kumbe kipaza sauti kilikuwa wazi. Kutoka benchi la kina mama nikamsikia bibi akiuliza kwa fahari, "Yale yangu?"

Niliinamisha uso mpaka pua ikakaribia kugusa kibao, nisione watu, na aibu hiyo ndiyo iliyoniokoa, maana nikawaona sisimizi wenyewe. Hawakuwa wametawanyika. Wamejazana mahali pamoja, kwenye mguu wa tatu wa soketi inayoshika chipu, wanalamba ufa mwembamba kama unywele ambamo mafuta yalizama. Pale risasi ya kulehemu ilipaswa kuwa imeshika, na haikushika. Kurasa zangu nne zikafunguka kwa pamoja: joto la mchana lilikuwa likiutanua ule mguu mpaka ukagusa, kidole gumba kiliubana, asubuhi ya baridi unaachia.

"Mwalimu, naomba dakika tano," nikasema, na sauti yangu ikaenda uwanja mzima.

Mwalimu Kombo, mlezi wetu, akanisogezea chuma cha kulehemu. Nikafuta mafuta kwa spiriti ya huduma ya kwanza, nikadondosha risasi mpya kwenye ufa, nikachomeka. Kikakubali. Nikachomoa, nikachomeka tena, mara kumi, nikihesabu kwa sauti (mimi!), na kufika sita Kidato cha Nne walikuwa wakihesabu pamoja nami. Tukatia chipu kwenye king'ora. Maji ya bomba, kimya. Maji ya bibi, kikalia mpaka mbuzi wakaruka uzio, na mkuu wa shule akaziba masikio huku akicheka.

Chumba ni chetu bado. Shuleni wananiita Sisimizi, na ninaitika. Nimeapa mafuta ya nazi yaishie kichwani na kwenye wali, hata king'ora kilipopelekwa jarubani kwa bibi viungo vyake nilivifunika kwa nta ya mshumaa. Bibi akakigeuzageuza, akauliza mbona hakinukii. Nikamwambia nimepaka nta.

"Nta," akasema, "panya wanaipenda."

Nimeiandika hiyo kwenye daftari, ukurasa wa tano.